Uzi: Jeli ya chunusi kwa mafuta ya mimea, nilichochunguza na nilichounguza

MamaMche (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu niliuahidi kwenye ule wa sabuni za mche, nikawa napiga danadana. Leo umeme umekatika, sabuni zinakauka, simu ina chaji. Tuandike.

Nianze na aibu. Miaka miwili iliyopita mdogo wangu wa kike, wakati huo yuko kidato cha tatu, alijaa chunusi uso mzima mpaka akawa anakaa dawati la nyuma kabisa. Mimi natengeneza sabuni na losheni hapa Tanga, nikajiona mtaalamu. Nikanunua kichupa cha mafuta ya karafuu, nikaweka matone kumi kwenye kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi. Namshukuru Mungu nilijipaka mimi kwanza. Usiku nikasikia joto, nikasema ndiyo inafanya kazi. Asubuhi mashavu yamekuwa mekundu na yamekakamaa, siku ya tatu ngozi inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Wiki mbili nilienda sokoni na mtandio usoni, watu wakadhani nimefiwa.

Hesabu niliifanya baadaye, na ndiyo ilinifanya niache ujanjaujanja. Matone ishirini ni kama mililita moja, ingawa dropa hutofautiana. Kwa hiyo matone kumi ni nusu mililita. Kijiko cha chakula ni mililita 15. Nilijipaka karafuu ya asilimia 3 na ushee. Vitabu vya usalama wa mafuta haya vinashauri karafuu isizidi nusu ya asilimia kwenye ngozi. Nilizidisha zaidi ya mara sita, tena usoni, tena usiku kucha!

Nasemea mafuta ya kunukia, yale yanayokenekwa kwa mvuke kutoka kwenye majani, maua au magome. Nazi, ufuta, mbegu za mwarobaini, hayo ni mafuta mazito, habari nyingine kabisa. Naweka nafasi, nitaendelea.

Kijana_wa_Ngamiani

Siti ya mbele. Dada hapo kwenye "nimefiwa" umeniua.

Mpemba_wa_Wete

Assalaam aleikum. Mie karafuu nimekulia nayo, n'akuongezee kidogo. Huku kwetu kuna mafuta ya karafuu yenyewe na kuna mafuta ya makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kinakeneka makonyo miaka mingi. Wazee wanachulia viungo, wanatia kwenye jino bovu. Usoni? Sijapata kuona mzee wa Pemba anajipaka usoni. Hayo mmeanza nyie na intaneti zenu.

Tena kama mtu anauziwa mafuta ya karafuu mjini, adondoshe tone kwenye glasi ya maji. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama. Yakielea juu yote, jua umeuziwa kitu kilichochanganywa.

MamaMche

Waaleikum salaam shekhe wangu. Hilo la kuzama nililifanya, nikaduwaa, maana mchaichai wangu huelea. Ila kuzama peke yake hakuthibitishi kwamba ni safi. Kinachong'ata humo ni eujenoli, ambayo mara nyingi ni asilimia 70 na kuendelea ya mafuta ya karafuu. Ndiyo hiyohiyo inayotia ganzi kwenye jino. Inaua bakteria kweli, sikatai, lakini haichagui. Seli za ngozi yako nazo inazipiga.

Na hapo ndipo wengi tunapopotea. Mtu anasoma kwamba mafuta ya mmea fulani yameua bakteria wa chunusi maabara, anakimbilia kuuza. Maabara ni sahani ya kioo. Hata spiriti inaua bakteria kwenye sahani, hata jiki inaua, na hakuna anayejipaka jiki usoni. Haya, labda wapo.

Chunusi zenyewe kwa ufupi: tezi zinatoa mafuta mengi kwa sababu ya homoni, seli zilizokufa zinaziba tundu la nywele, bakteria anayeitwa Cutibacterium acnes (vitabu vya zamani vinamwita Propionibacterium) anastawi mle ndani kusiko na hewa, mwili unapandisha uvimbe. Kwa hiyo kuua bakteria ni kipande kimoja tu. Na yale mafuta yangu ya nazi niliyoyachanganya na karafuu yapo kwenye orodha ya mafuta yanayoziba matundu. Nilikuwa natibu kwa mkono huu, naziba kwa mkono ule.

BintiMbeya

Dada samahani naingilia. Mimi nilitumia limao na ndimu kila asubuhi nikaambiwa zinakausha chunusi. Nimepata madoa meusi kama nimemwagiwa chai. Mafuta ya limao yangenisaidia?

Mfamasia_wa_Zamu

@BintiMbeya acha limao leo hii. Ndimu na limao zina kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi halafu jua likapiga, ngozi inaungua na kuacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Mafuta ya ganda yaliyokamuliwa bila mvuke yanazo hizo kemikali pia, mengine kwa wingi kuliko maji ya tunda. Usiongeze moto kwenye moto. Na hapo katikati ulipaka kitu kingine chochote?

BintiMbeya

Kulikuwa na krimu ya kung'arisha, ya kopo, nilitumia kama miezi minne. Chunusi zilianza nikiwa naitumia.

Mfamasia_wa_Zamu

Nilihisi. Mikorogo mingi ina steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe. Steroidi inaleta chunusi za aina yake, vipele vidogo vinavyofanana vyote kama vimepigwa muhuri, na ukiacha ghafla uso unaweza kulipuka zaidi. Hapo hakuna mafuta ya mmea yatakayokutoa. Tafuta daktari wa ngozi, beba na hilo kopo alione. Kwa walio kaskazini, pale Moshi, hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya madaktari wa ngozi cha kanda nzima, kipo tangu miaka ya 1990. Wa Mbeya anzia hospitali ya rufaa.

MamaMche endelea, sitaki kuuteka uzi.

MamaMche

Umeuokoa, hujauteka.

Sasa mwaka wa kwanza wa utafiti wangu. Nilitaka mmea wa kwetu. Nikakutana na kivumbasi. Wengine mnauita mrumbasha, bibi zetu walikuwa wanaufukiza kufukuza mbu, kisayansi Ocimum gratissimum. Kilichonivutia ni Nigeria. Mwaka 2002 watafiti wa chuo kikuu cha Obafemi Awolowo, Ile-Ife, walitoa taarifa kwamba walichanganya mafuta ya kivumbasi kwenye krimu za nguvu tofauti, kuanzia nusu asilimia hadi tano. Ya asilimia 2, kwenye krimu inayopatana na maji, ilipunguza vipele haraka kuliko benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi ya dukani, ya asilimia 10. Miaka miwili baadaye wakarudi tena wakaongeza jeli ya mshubiri, ikafanya vizuri zaidi.

Nikasema hii ndiyo yangu! Waafrika wenzetu, mmea upo nyuma ya choo, kazi imekwisha.

Fundi wa Mabanda ya Papa akanichomelea mtambo wa kukeneka kutoka kwenye pipa la chuma kisichoshika kutu, bomba likazungushwa kwenye ndoo ya maji baridi. Mara ya kwanza nilishindilia majani ndoo kubwa nzima, nikachochea kuni kwa saa tatu, nikapata kama vijiko viwili vya chai. Rangi ya njano iliyopauka, harufu ya kivumbasi lakini kuna kitu nyuma yake nakijua. Nikanusa, nikanusa. Mume wangu anapita akauliza, "Unapika pilau?"

Karafuu, jamani. Harufu ya karafuu.

Kijana_wa_Ngamiani

Hahaha shemeji kaua.

MamaMche

Kaua kweli, maana mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaelewa. Kuna kijana wa chuo nikampa kichupa, akanipimia kwa mashine ya kromatografia ya gesi, ile inayotenganisha kila kilichomo na kukuambia ni kiasi gani. Jibu: zaidi ya nusu ni eujenoli. Kumbe Kenya walishajua. Kivumbasi cha Meru kilipimwa, majibu yakachapishwa 2007, eujenoli ni karibu asilimia 69. Cha Nigeria kwa kawaida kinaongozwa na timoli, kitu kingine kabisa. Mmea mmoja, jina moja la Kilatini, majani yanafanana, lakini ndani ya chupa ni dawa mbili tofauti.

Sasa fanyeni hesabu nami. Nikichukua ile resipe ya asilimia 2 nikaiweka kwenye mafuta yangu, nimeweka zaidi ya asilimia 1 ya eujenoli usoni kwa mtu. Yaani ningerudi kulekule kwenye karafuu iliyonibandua, kwa mlango wa uani.

Ndiyo maana mtu akiniambia "kivumbasi kinatibu chunusi" namuuliza: kivumbasi cha wapi, kina nini, asilimia ngapi? Hana jibu, basi ana jani tu.

TibaAsiliaBingwa

Dada unawatisha watu na vipimo vya wazungu. Mababu zetu hawakuwa na mashine wala asilimia na walikuwa na ngozi laini. Mimi nina mchanganyiko wa mafuta 9 ya mimea, chunusi siku 3 kwisha, madoa siku 7. Njoo inbox.

Mpemba_wa_Wete

Babu yangu alikuwa na vipimo, ndugu. Alipima kwa pishi, kwa kibaba, kwa kucha ya kidole. Na dawa ya mtoto hakuwa anampa mtu mzima. Usimsingizie marehemu.

Mfamasia_wa_Zamu

Siku tatu chunusi haiishi hata kwa dawa kali za hospitali. Matibabu ya chunusi yanahesabiwa kwa wiki 6 mpaka 12. Kinachotoa matokeo ya siku tatu mara nyingi ni steroidi, na hapo juu tumeona inavyoishia. Mafuta tisa maana yake ni nafasi tisa za mzio, ukimpata mtu akawashwa hujui umtoe yupi.

Wa_Timau

Niaje watu wa Bongo. Nasoma kutoka upande wa Mlima Kenya. MamaMche, mbona hujagusa ti-tri? Huku wakulima wadogo wanalima, inakatwa, inakenekwa, mingi inauzwa nje. Nyumbani tumekuwa tukiitumia kwa vidonda. Watu hufikiri ni majani chai, hapana, ni mti wa Australia.

MamaMche

Nilikuwa nakuja huko kaka, umenitangulia. Ndiyo mwaka wangu wa pili.

Ti-tri, Melaleuca alternifolia, asili yake pwani ya New South Wales, wenyeji Wabundjalung waliujua kabla ya mkemia yeyote. Kati ya mafuta yote ya kunukia, hili ndilo lenye ushahidi mwingi zaidi uliopimwa kwa watu, si wa sahani tu. Mwaka 1990 pale Sydney waligawa wagonjwa 124, nusu jeli ya ti-tri asilimia 5, nusu benzoili peroksaidi asilimia 5. Zote zilipunguza chunusi. Ti-tri ilichelewa kuanza kufanya kazi, lakini waliolalamika ngozi kukauka na kuwashwa walikuwa wachache. Mwaka 2007 Iran wakalipima kwa wagonjwa 60, siku 45, dhidi ya jeli tupu isiyo na dawa, likashinda wazi. Si miujiza. Ni kitu kinachofanya kazi taratibu kwa chunusi ndogo na za wastani. Zile kubwa za ndani zinazouma kama jipu, hapana.

Na lina kipimo cha kimataifa, ISO 4730: kiambato kikuu, terpineni-4-oli, kisipungue asilimia 30, toleo jipya limepandisha mpaka 35. Maana yake ukinunua unaweza kumdai muuzaji karatasi ya vipimo. Wa kwanza niliyemdai alinicheka. Wa pili akanitumia ndani ya dakika tano. Nikanunua kwa wa pili.

Wa_Timau

Na chupa je? Yetu huwa tunaweka kwa chupa ya soda.

MamaMche

Kaka! Toa leo. Chupa ya kioo cha kahawia, ijae mpaka shingoni, kifuniko kimekaza, kabatini penye giza. Hewa na mwanga vinayageuza mafuta ya ti-tri. Harufu inakuwa ya kutoboa pua zaidi, na yaliyogeuka ndiyo yanaleta mzio kwa wengi kuliko mafuta mabichi. Mtu anajipaka ya miaka mitatu, anavimba, anasema ti-tri mbaya. Mimi hata dropa siiachi ndani. Niliiacha mwezi mmoja, mpira wake ukalainika na kuvutika kama bazoka.

Sasa resipe, maana najua mpo wengine mnasubiri hii tu na hapo juu mmeruka. Kwa gramu 100 za jeli, na nasema gramu, nunua mzani wa kidijitali ule wa wauza dhahabu:

Maji yaliyochujwa na kuchemshwa, gramu 80. Glisarini 3. Zanthani, ule unga wa kutia uzito, 1. Mafuta ya ti-tri 5. Polisobeti 20 (hiyo 20 ni sehemu ya jina), inayoyashikanisha mafuta na maji, gramu 10. Kihifadhi, mimi natumia chenye fenoksietanoli, 1, lakini soma kipimo cha muuzaji wako.

Zanthani usimwage kwenye maji moja kwa moja, itajifunga madonge kama ugali wa mgeni. Ikoroge kwanza na glisarini mpaka iwe uji mzito, ndipo umimine maji kidogo kidogo. Pembeni changanya ti-tri na polisobeti peke yake, tikisa, ingiza mwisho pamoja na kihifadhi. Haiwi angavu kama jeli ya nywele, ina wingu. Ikijitenga kesho yake, mafuta yakaelea, usiipake, maana juu utakuwa unapaka ti-tri kali na chini maji matupu.

Kisha pima pH, ile karatasi ya rangi. Inayokaribia 5 ndiyo ngozi inapenda.

Kijana_wa_Ngamiani

Kihifadhi si kemikali? Mimi nilitaka asilia mia kwa mia. Nikiweka alovera ya bustanini badala ya maji?

Mfamasia_wa_Zamu

Alovera ya bustanini bila kihifadhi, siku nne tu una shamba la ukungu, hata kabla hujauona kwa macho. Halafu unampaka mtu mwenye vidonda vya chunusi. Mafuta ya kunukia yenyewe si kihifadhi cha kutegemea. Na yale maji ya njano yanayotoka ukikata jani yanawasha.

MamaMche

Niliwahi. Chungu chote nilimwagia migomba.

Kabla ya uso, paka kidogo mkunjo wa kiwiko kwa ndani, subiri saa 48. Ikiwasha au ikawa nyekundu, basi hiyo si yako, usijipe moyo. Usiweke karibu na macho, usinywe hata tone, ti-tri ikimezwa ni sumu, ficha mbali na watoto. Mjamzito aulize kliniki kwanza.

Jirani_Mwema

Swali la biashara. Unauza? Vibali vipi?

MamaMche

Hapa nilipigwa na butwaa kidogo. Vipodozi sasa vipo TBS, shirika la viwango, vilihamishwa 2019 wakati TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuzwa kuwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Lakini ukiandika kwenye lebo "inatibu chunusi" umeacha kipodozi, umedai dawa, na dawa ni TMDA. Ukijiita tiba asili kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Neno moja kwenye kibandiko linakuhamisha ofisi. Kwa sasa siuzi jeli. Ninachouza ni sabuni ya mche yenye kivumbasi, inasuguliwa na kuoshwa, haikai usoni usiku kucha, na lebo inasema sabuni. Mtambo wangu haukwenda bure.

Kwa wanaotaka kuona kitu kidogo kilichotengenezwa hapahapa kwa vipimo, angalieni Kilisun, krimu ya jua ya watu wenye ualbino, ilianzia Moshi palepale KCMC. Hawakuanza na lebo, walianza na wagonjwa.

BintiMbeya

Dada hukutuambia mdogo wako alipona?

MamaMche

Nilijua mtauliza, nikawa naomba msiulize.

Jeli ya tatu ndiyo iliyotulia. Alijipaka wiki tano, vipele vikaanza kupungua kweli, nina picha. Wiki ya sita akaniambia, "Dada, nanuka kama kabati lenye nafthalini, wenzangu wananiuliza." Akagoma. Akaenda duka la dawa na hela yake ya likizo, akanunua bomba la benzoili peroksaidi. Uso umetulia, sasa hivi yupo kidato cha tano, anakaa dawati la mbele.

Ila hiyo dawa inachubua rangi ya nguo. Taulo zangu mbili za bluu zina madoa meupe, na mto mmoja. Jeli iliyobaki naitumia mimi.